Taa ya Commodore 64 inawaka, lakini adapta yako bado inaua RAM

Wiki iliyopita niliipokea tena Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, niliyoitengeneza mwenyewe miezi miwili nyuma. Niliitambua mara moja kwa soketi nane za RAM, yaani chipu za kumbukumbu, maana nilizilehemu kwa mkono wangu. Ilipotoka hapa ilikuwa inafunguka vizuri: skrini ya buluu, 38911 BASIC BYTES FREE, sauti safi. Imerudi ikiwa nyeusi tii. Nikampigia mwenyewe.

"Kaka, umeiwasha kwa adapta gani?"

"Ile ile iliyokuja nayo. Ni nzima, fundi, taa inawaka."

Adapta hiyo nilikuwa nimeifunga karatasi iliyoandikwa USITUMIE. Aliitoa karatasi, akachomeka, taa nyekundu ikawaka, akaamini macho yake. Chipu tano kati ya zile nane mpya zimekufa. Nafanya kazi hii Uingereza, ambako kompyuta hizi ziliuzwa kwa wingi miaka ya 1980 na sasa zinateremshwa kutoka madarini, na maneno hayo ya "taa inawaka" nimeyasikia mara nyingi mno. Kwa hiyo leo nayajibu kwa kirefu, na mengine nitayagusa nikipita.

"Taa inawaka, kwa hiyo umeme uko sawa"

Tuanze na kilichomo ndani ya lile tofali jeusi, yaani adapta. Transfoma inatoa njia mbili. Ya kwanza inakwenda kwenye kompyuta moja kwa moja kama volti 9 za AC (umeme unaogeuka mwelekeo). Ya pili inanyooshwa na diodi, inalainishwa na kapasita, kisha inapita kwenye regyuleta inayoibana hadi kufikia volti 5 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Vyote vimezamishwa kwenye gundi iliyoganda ngumu kama lami, kwa hiyo huwezi kufungua ukaangalia wala kubadilisha kitu. Joto la kila siku, miaka 35, 40 na zaidi, limekuwa likiipika regyuleta hiyo humo humo.

Regyuleta ya aina hii mara nyingi haifi kwa kuzima. Hufa ikiwa imeachia. Kile ilichokuwa inakibana kinapita bila kizuizi, na badala ya volti 5 kompyuta inapokea 7, 8 au zaidi. Taa ya kompyuta iko kwenye njia hiyo hiyo ya volti 5, ikiwa na rezista yake. Ukiipa 5 inawaka. Ukiipa 7 inawaka zaidi kidogo, na jicho la binadamu haliwezi kuona tofauti. Taa inakuambia kuna umeme. Kiasi chake haikuambii, na kiasi ndicho kinachoua.

Wengine hunijibu kwamba fyuzi ingekatika kwanza. Fungueni kasha muitazame. Fyuzi ile ya ampea 1.5 iko kwenye njia ya volti 9 za AC. Njia ya volti 5 haina fyuzi kwenye bodi. Inatoka kwenye plagi, inapita kwenye swichi, inakwenda kwa RAM, prosesa, ROM (kumbukumbu ya kudumu) na PLA (chipu inayoamua ni chipu ipi izungumze na prosesa). Hata kama fyuzi ingekuwepo, fyuzi hukatwa na mkondo, na chipu ya RAM inayopewa volti 8 imeshakufa kabla mkondo haujapanda vya kutosha.

RAM ndiyo hutangulia kufa, karibu kila mara. Kwenye bodi za zamani, zile ndefu, chipu ya picha ya VIC na saketi ya saa hupata volti 5 zao wenyewe, zinazotengenezwa hapo hapo kwenye bodi kutoka kwenye zile 9 za AC. Kwa hiyo VIC hubaki hai na kuendelea kuipa televisheni ishara, ndiyo maana unaona weusi uliotulia badala ya chenga. Mwenye mashine akiona weusi huo uliotulia, na taa inawaka, anahitimisha kwamba umeme ni mzima na ugonjwa uko kwingine. Anaanza kuchomoa chipu. Nimeletewa bodi ambazo mtu amebadilisha prosesa, PLA na ROM zote, huku tofali lile lile likiendelea kuua kila RAM mpya anayoweka.

"Lakini nimeipima, inatoa 5.1." Umeipima ikiwa imelala, haina mzigo. Plagi ni DIN, ile ya duara, ya pini 7: pini ya 5 ni +5, ya 2 ni ardhi, na 6 na 7 ni AC. Tafuta rezista ya omu 5 inayostahimili wati 10, iunge kati ya +5 na ardhi, na itavuta ampea moja. Itapata moto, usiiweke juu ya plastiki wala kitambaa. Iache nusu saa huku ukitazama mita. Ikivuka 5.25, au ikishuka chini ya 4.75, safari yake imeishia hapo. Geuza mita kwenye AC uangalie njia ile ile ya volti 5: ukiona umeme unacheza, kapasita ya ndani imekauka. Kwenye pini 6 na 7 ukisoma 10 au 11 bila mzigo usishtuke, hiyo ni kawaida ya transfoma.

Na hata ikifaulu yote hayo, mimi siirudishi kazini. Imefaulu leo saa nne asubuhi, haijaniahidi lolote kuhusu jioni. Nunua adapta iliyotengenezwa upya kwa ajili ya mashine hii, yenye 5 za DC na 9 za AC kweli kweli, si 9 za DC, maana bila AC kuna saa ndani ya chipu za CIA, zile zinazosoma kibodi na joystiki, itakayokosa mapigo yake. Kama moyo wako hauwezi kabisa kuachana na tofali la asili, weka kati yake na kompyuta kinga ya kukata umeme pindi ukivuka kama volti 5.5. Gharama yake ni ndogo kuliko RAM nane na siku yangu nzima ya kulehemu. Wapenzi wa vitu vya asili, nawaelewa, nami ni mmoja wenu. Tofali likae kabatini, ndani ya boksi lake, bila kuchomekwa.

"Ni ya zamani, anza kwa kubadilisha kapasita zote"

Ushauri huu una mizizi ya kweli, ila umehamishwa kwenye mashine isiyohusika. Amiga 600 na Amiga 1200, kompyuta za baadaye za Commodore, zina kapasita ndogo zilizobandikwa juu ya bodi, na hizo huvuja kweli. Majimaji yake hula njia za shaba, na ukiziacha unaipoteza bodi. Hapo badilisha, wala usingoje dalili. Amiga 500 Plus na Amiga 2000 zina betri iliyolehemiwa kwenye bodi, nayo ikivuja inaharibu hata zaidi. Ing'oe leo kabla hujalala.

Kapasita za Commodore 64 zina miguu inayopita kwenye matundu ya bodi, na zimezeeka kwa heshima. Nyingi nilizozitoa na kuzipima zimekuwa ndani ya kipimo. Kapasita iliyochoka kwenye mashine hii italeta mistari kwenye picha au mvumo kwenye sauti. Kuleta skrini nyeusi ni nadra mno.

Kinachoniuma ni madhara. Bodi hii ina shaba pande mbili, na kila tundu lina bomba jembamba la shaba linalounganisha juu na chini. Ukivuta mguu kabla lehemu haijayeyuka mpaka upande wa pili, bomba linatoka na mguu. Upande wa ardhi ndio mbaya zaidi, kwa sababu shaba nyingi inanyonya joto la chuma chako. Kijana mmoja aliniletea mashine aliyoibadilishia kapasita zaidi ya ishirini jioni moja kwa chuma cha bei rahisi. Ilikuwa na ugonjwa mmoja, RAM moja mbovu. Iliponifikia ilikuwa na magonjwa manne: RAM, mabomba mawili yaliyong'oka, na kapasita moja iliyowekwa kinyume, chanya kwenye hasi.

Ukilazimika kutoa kitu, ongeza kwanza lehemu mpya yenye risasi kwenye kiungo cha zamani, kisha ndipo unyonye. Na kama chipu imeshathibitika kuwa imekufa, usiihurumie: kata miguu yote kwa koleo kali, toa mwili, kisha toa mguu mmoja mmoja. Chipu iliyokufa haina thamani. Bodi inayo.

"Skrini nyeusi maana yake ni PLA"

PLA hufa, na hufa sana, sibishi. Lakini RAM, ROM ya KERNAL (yenye programu ya msingi ya kuiwasha mashine), prosesa, saa, hata CIA iliyopiga shoti, zote zinaweza kukupa weusi ule ule. Kununua PLA kwa sababu skrini ni nyeusi ni kama kununua dawa ya malaria kwa sababu mtoto ana homa, bila kumtoa damu akapimwe.

Pima umeme kwanza, kwenye miguu ya chipu zenyewe. Hapa kuna mtego uliowanasa wengi: chipu za kawaida za mantiki zenye miguu 16 huwa na ardhi mguu wa 8 na +5 mguu wa 16, lakini RAM ya 4164 ni kinyume, +5 iko mguu wa 8 na ardhi iko wa 16. Niliwahi kupigiwa usiku na mtu aliyesoma volti 5 hasi kwenye RAM zote nane akadhani bodi imepinduka. Bodi ilikuwa salama. Vipimio ndivyo vilivyowekwa kinyume.

Umeme ukiwa sawa, chomeka katriji ya Dead Test, iliyotengenezwa kwa kupima mashine isiyofunguka. Hiyo inaipita ROM ya KERNAL na kuijaribu RAM yenyewe, na ikikuta mbovu, skrini inawaka na kuzima idadi fulani ya mara. Idadi hiyo ndiyo inayokuambia ni ipi kati ya zile nane. Ninaposikia mtu anatengeneza Commodore 64 mwaka wa tatu sasa na hana katriji hii, nashindwa kuelewa anatumia nini kuamua.

Mengine, kwa ufupi

"Chipu inayochoma kidole imekufa." VIC, SID (chipu ya sauti) na PLA huchoma zikiwa na afya kamili. Kidole kinafaa kwenye RAM tu, na kwa kulinganisha: moja ikiwa moto sana na wenzake saba ni vuguvugu, hiyo ishuku.

"Bebesha RAM nzima juu ya mbovu, ikipona umeipata." Ikipona, sawa. Isipopona hujathibitisha kitu, kwa sababu RAM iliyopiga shoti huvuta laini chini hata ukiibebesha tatu.

"Chipu haziuawi na umeme wa mwilini." Pini za matundu ya joystiki zinakwenda moja kwa moja kwenye CIA. Hazina kinga. Umevaa soksi, umetembea juu ya zulia, umeshika pini hizo, na kibodi haijibu tena. Gusa chuma kilichoungwa ardhi kwanza, kila mara.

"Nitaazima SID kwenye mashine yangu nyingine nijaribu." Tazama namba. 6581 inataka volti 12, 8580 inataka 9. Ukiiweka 8580 kwenye bodi ya volti 12 umeiua, na SID halisi hazitengenezwi tena. Tena usihamishie chipu nzima yoyote kwenye bodi ambayo hujapima umeme wake. Hapo tunarudi kwenye lile tofali.

"Itapona nikipulizia mafuta ya kutu." Mafuta hubaki, hunasa vumbi, na kunipotezea saa nzima ya kusafisha. Tumia pombe ya isopropili na mswaki laini, basi.

La mwisho ni kwa ndugu walioko Dar na Nairobi ambao jamaa zao huwatumia mashine hizi kutoka Marekani. Adapta ya huko imetengenezwa kwa volti 117. Usiichomeke ukutani kwako hata mara moja "kuona kama taa itawaka". Kompyuta yenyewe itafanya kazi ukiipatia adapta ya volti 230, ila ni ya mfumo wa televisheni wa Marekani, NTSC. Kabla ya kuitangaza kuwa mbovu kwa sababu picha inazunguka au haina rangi, ijaribu kwenye televisheni inayokubali NTSC.