Comparator ni nini, na kwa nini TreeSet humeza wafanyakazi

Chukua kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zake Kurasini. Kila mfanyakazi ana namba ya kazi, jina, idara na mshahara. Kwenye Java, lugha ya kuandikia programu, taarifa hizi huwekwa ndani ya kolekisheni, vyombo vya kuhifadhia vitu vingi pamoja vilivyokuja na toleo la 1.2 mwaka 1998. Kama shida yako ni kumpata mtu kwa namba yake, HashMap inatosha, ila mpangilio usiidai. ArrayList huwatunza watu kwa mfuatano uliowaingiza.

Kazi inaanza mhasibu anapotaka orodha ya mishahara kuanzia ya chini. Java inajua 3 ni ndogo kuliko 5. Kati ya Neema na Juma haijui nani atangulie mpaka uiambie. Comparator ndiyo kanuni ya kuiambia: inapokea watu wawili na kurudisha namba. Ikiwa hasi, wa kwanza anatangulia. Ikiwa chanya, wa pili. Ikiwa sifuri, wako sawa.

Sifuri hiyo ndiyo ya kuchungwa. Ukiipanga ArrayList kwa sort, wenye mshahara sawa wanabaki wote, tena kwa mfuatano waliokuwa nao. TreeSet, inayojipanga yenyewe kila unapoingiza kitu, ina tabia nyingine. Haikubali vitu viwili vilivyo sawa, na usawa huo inauamua kwa Comparator uliyoipa. Equals, njia ya kawaida ya Java ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa, haiangaliwi kabisa. Neema wa shilingi 650,000 akishaingia, Juma wa 650,000 anaachwa nje. Programu hailalamiki: add, amri ya kuingiza, inarudisha false tu, yaani “hakuingia”, na ni wangapi huwa wanaisoma?

Dawa ni kuongeza kigezo cha pili kisichojirudia. Tangu Java 8, ya mwaka 2014, mstari mmoja unatosha, mshahara kwanza, kisha namba ya kazi:

Comparator.comparing(Mfanyakazi::getMshahara).thenComparing(Mfanyakazi::getNamba)

Jina lisiwe kigezo hicho. Kwa Dar hii, akina Juma Hamisi wawili ofisi moja si ajabu. Tena maandishi yakilinganishwa kwa compareTo, herufi kubwa za A hadi Z hutangulia ndogo zote, hivyo “Zuhura” anakaa juu ya “asha” aliyeandikwa harakaharaka. Hapo tumia String.CASE_INSENSITIVE_ORDER, isiyojali herufi kubwa wala ndogo. Na kwa orodha ya mishahara, mimi ningebaki na ArrayList.