Chaneli ya MQ inalala vizuri, ila asubuhi haiamki yenyewe

Sisi tunatumia MQ, programu ya IBM ya kupeleka meseji kutoka seva moja kwenda nyingine, na chaneli ndiyo njia yake ya kutoka Dodoma kwenda Dar. Wiki tatu mfululizo simu yangu ilikuwa inaita saa moja na robo asubuhi. Mpigaji ni yuleyule, kijana wa zamu, na maneno yake yaleyale: "Kaka shikamoo, Dar wanasema hawapati kitu tangu jana usiku." Na mimi nikiwa bado Nkuhungu nagombana na jiko la mkaa na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba, namjibu piga amri ya START chaneli iendelee, nakuja. Anapiga START, meseji zinashuka zote Dar ndani ya dakika moja, kila mtu anafurahi, kesho yake tena saa moja na robo simu inaita.

Hapo ndipo tulipokuwa tunajiroga wenyewe. START ya mkono inatibu, lakini inafuta ushahidi. Chukua mfano wa chaneli ambayo mtu aliisimamisha kwa STOP ya kawaida, hiyo inabaki STOPPED, foleni yake ya usafirishaji (pale meseji zinaposubiri kusafiri) inawekwa GET DISABLED, yaani meseji hazichukuliki, na triga, kengele ya kuiamsha chaneli, inazimwa, kwa hiyo hata zije meseji elfu haitaamka mpaka mtu aiamshe. Sasa wewe ukikurupuka na START, MQ inarudisha GET na triga vilevile vilivyokuwa, ukija kuchungulia unakuta kila kitu safi, unabaki kusema "mtandao ulisumbua". Kwa hiyo siku hizi sheria yangu na vijana ni kwamba hakuna START kabla ya kupiga picha ya vitu viwili: DISPLAY CHSTATUS inayoonyesha hali ya chaneli, na DISPLAY QLOCAL inayoonyesha mipangilio ya foleni ya usafirishaji, ikiwa na ALL mwishoni. Dakika moja tu, Dar watavumilia.

(Kama unataka kusimamisha kidogo halafu iamke yenyewe, STOP yako iambie STATUS iwe INACTIVE. Wengi hawajui hiki kitu.)

Haya, siku ya picha tukaipiga. CHSTATUS ikajibu AMQ8420, yaani hakuna hali yoyote ya chaneli hiyo. Kijana akashtuka, eti chaneli imefutika! Haijafutika. Hiyo maana yake imelala tu, INACTIVE, na kulala siyo ugonjwa. Chaneli ya kutuma ina kitu kinaitwa DISCINT, kwa kawaida sekunde 6000, yaani saa moja na dakika arobaini, ikikaa muda huo bila meseji inajifunga yenyewe. Ingekuwa iko RETRYING ningehangaika na mtandao badala ya triga, maana hapo inajaribu yenyewe, mara 10 kila baada ya sekunde 60, halafu inahamia kila sekunde 1200. Katapila likikata faiba huko njiani utaiona RETRYING. Yetu ilikuwa imelala, na kazi ya kuiamsha ni ya triga.

Nikafungua AMQERR01.LOG, faili ambalo MQ inaandikia matukio na makosa yake. Kwenye 19:52 kuna AMQ9545, muda wa kusubiri umeisha, chaneli imefungwa. Rudisha nyuma saa moja na dakika arobaini unapata 18:12, na kweli ndiyo saa mtu wa mwisho ofisini alipotuma kitu akaenda kuwahi gari ya Mtumba. Mpaka hapo kila kitu kinafanya kazi kama kilivyoandikwa. Chini yake, 06:40 asubuhi, meseji ya kwanza ilipoingia, kuna mstari mmoja tu: AMQ9519, chaneli DOM.DAR haikupatikana.

Nikaisoma mara mbili. Chaneli yetu inaitwa DOM.DAR.01.

Inabidi nieleze kidogo jinsi triga inavyokwenda. Foleni ya usafirishaji ikiwa na TRIGGER na TRIGTYPE ya FIRST, meseji ya kwanza ikiingia foleni ikiwa tupu, kyu meneja, yaani MQ yenyewe inayosimamia foleni, anaandika kikaratasi anakiweka kwenye foleni nyingine inayoitwa SYSTEM.CHANNEL.INITQ, na kwenye hicho kikaratasi jina la chaneli ya kuamsha linatoka kwenye TRIGDATA, mpangilio mmojawapo wa ile foleni ya usafirishaji. Upande wa pili kuna jamaa anaitwa chaneli inishieta, yeye kazi yake ni kukaa kwenye hiyo INITQ anasoma vikaratasi na kwenda kuamsha. Ni kama hodi nyumbani. Mgeni wa kwanza anabisha, mtoto anatumwa akamwite baba mwenye nyumba, wageni wengine wakifika wanamkuta mwenzao mlangoni hawabishi tena, wanakaa tu kwenye benchi. Sasa mtoto akiwa ametumwa kumwita mtu aliyehama, wageni watakaa pale mpaka jioni.

Na aliyehamisha ni mimi. Tulipopanga upya majina ya chaneli niliunda DOM.DAR.01, nikafuta DOM.DAR, nikasahau TRIGDATA kwenye foleni. START ya mkono ilikuwa inafanya kazi kwa sababu chaneli yenyewe inaijua foleni yake, ni foleni ndiyo iliyokuwa haiijui chaneli. Nilimwambia kijana ukweli, akacheka sana, akaniuliza na zile asubuhi zote nani anamlipa.

Nikarekebisha TRIGDATA kwa amri ya ALTER, nikakaa nasubiri. Foleni ina meseji 340. Dakika kumi, kimya. Karibu nianze kutukana kompyuta ndipo nikakumbuka kwamba FIRST ni kutoka sifuri kwenda moja, na hodi ya leo ilishabishwa ikapotea. Kuna TRIGINT inayoweza kubisha tena, ila thamani yake ya kawaida ni milisekunde 999999999, piga hesabu unapata siku kumi na moja na nusu hivi. Kwa hiyo hapo START ya mkono ni halali, mara moja tu ya kuondoa mlundikano.

Kuhakikisha usingoje usiku. Nilishusha DISCINT mpaka 60, nikasimamisha chaneli na kuiwasha tena maana mabadiliko yanashika ikiwaka upya, nikasubiri ilale, halafu nikatuma meseji moja kwa amqsput, kiprogramu cha MQ cha kuweka meseji, kupitia foleni ya mbali, ile inayoelekeza meseji Dar. Usiirushe moja kwa moja kwenye foleni ya usafirishaji, itakosa kichwa chake cha safari na itakuletea tatizo lingine. Ikaamka kabla sijainua mkono kwenye kibodi. Nikarudisha 6000.

Kama TRIGDATA yako iko sawa na bado hailii, angalia IPPROCS, yaani idadi ya wanaosoma, ya SYSTEM.CHANNEL.INITQ. Ikiwa 0, inishieta hayupo, vikaratasi vinajaa havina msomaji, na mara nyingi ni seva iliyowashwa upya baada ya umeme kukatika huku SCHINIT, mpangilio wa kumwasha inishieta, ikiwa MANUAL. Angalia pia TRIGTYPE isiwe DEPTH, inayolia meseji zikifika idadi fulani, hiyo ikishalia mara moja inajizima. Na foleni iwe na TRIGGER, siyo NOTRIGGER, maana ukiunda foleni mpya bila kutaja, NOTRIGGER ndiyo unayopewa.

Jioni yake nikapitia foleni zote za usafirishaji kulinganisha TRIGDATA na chaneli zilizopo. Ya Singida nayo ilikuwa na jina la zamani, kosa langu la siku ileile. Hakuna aliyewahi kunipigia simu kuhusu Singida kwa sababu ile chaneli inapata meseji usiku na mchana, tangu siku ile haijawahi kulala.