Kwa nini mpulizaji wa mikorosho anayetoza bei ndogo huishiwa mtaji kabla ya mnada?

Kuanzia Juni, vijiji vya Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa na Liwale, kusini mwa Tanzania, huamka na mlio wa mashine za kupulizia dawa mikorosho. Wakulima wengi hawana mashine. Humkodi mwenye nayo, wakapatana bei kwa mti. Ukimuuliza mwenye mashine bei yake kaipataje, mara nyingi atakwambia kapiga hesabu ya petroli na kibarua, kisha kaongeza cha juu kidogo. Hesabu hiyo ndiyo inayommaliza, kwa sababu mpulizaji hauzi petroli wala nguvu ya injini. Anauza asubuhi tulivu, na asubuhi hizo zina idadi.

Idadi hiyo inatokana na ugonjwa unaopigwa kwa dawa hiyo. Ubwiriunga ni ukungu mweupe unaoshambulia majani machanga na mashada ya maua ya mkorosho. Unapenda usiku wa baridi na hewa yenye unyevu, hali inayotawala kusini mwezi Juni hadi Agosti. Ua likishapigwa hukauka kabla ya kushika korosho. Dawa yake, salfa ya unga, haiponyi ua lililokwisha ugua. Inalinda tu kile ilichokigusa siku ile. Chipukizi na maua yanayotoka wiki inayofuata hayana kinga, ndiyo maana utaratibu unaojulikana na wakulima ni gramu 250 kwa mti, raundi tano, kila baada ya siku 14. Na unga huo lazima upulizwe alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaanza, ili unga ushike. Kuanzia saa 11 alfajiri hadi kama saa 2 asubuhi una saa tatu. Jua likipanda umande unakauka, upepo unaanza, na salfa inakwenda kwa jirani.

Mwenye trekta la kukodi Nachingwea akichelewa asubuhi, atalima mchana. Mpulizaji wa salfa hana mchana.

Sasa tupige hesabu. Bei zilizomo humu ni za mfano, weka za kwenu. Tuchukue mashine moja ya mgongoni, mpulizaji na msaidizi wake, wanaomaliza mikorosho 120 ya ukubwa wa kawaida kwa asubuhi moja. Raundi ina siku 14. Toa siku mbili za kutengeneza mashine na kupumzika, toa nyingine mbili ambazo watu watafika shambani wakute upepo au manyunyu. Zinabaki asubuhi 10 za kazi. Mara 120, unapata mikorosho 1,200. Hapo ndipo mwisho wa mashine hiyo kwa msimu mzima. Raundi zikiwa tano, umepuliza mara 6,000, na gharama zote lazima zigawanywe kwa 6,000 hizo.

Mashine ya shilingi 900,000 ikiuzwa chakavu kwa 150,000 baada ya misimu mitatu, imekula 250,000 kila msimu. Hiyo ni shilingi 42 kwa mti kwa kila raundi. Matengenezo na spea 180,000 kwa msimu ni shilingi 30. Petroli lita 4 kwa asubuhi kwa 3,000 pamoja na oili ya kuchanganya na petroli (2T) ya 1,600 ni 13,600, yaani 113 kwa mti. Ujira wa watu wawili 23,000 ni 192. Bodaboda 5,000 ni 42. Jumla 419.

Mwenye mashine akiona 419 atasema bei yake 450, na kila mti atapata 31. Kwa mara 6,000 ni faida ya 186,000. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini zile asubuhi mbili za upepo watu wanalipwa na bodaboda inalipwa, kazi haipo: 56,000 kwa raundi, shilingi 47 kwa mti. Gharama ya kweli ni 466. Halafu wapo wasiolipa. Ikiwa kati ya miti 100 kumi hailipiwi, 450 inageuka kuwa 405 mkononi, na kila mti uliopulizwa umekutia hasara ya 61. Mwisho wa msimu umepoteza 366,000 huku umefanya kazi kila alfajiri. Kwa bei ya 600, madeni mabaya yakiwa yale yale, unabaki na 74 kwa mti, au 444,000 kwa msimu. Ile faida ya karatasi ya 186,000 iligeuka hasara kwa vitu viwili ambavyo havimo kwenye hesabu ya petroli na kibarua: upepo na deni.

Kosa kubwa kuliko bei ndogo ni kupokea miti mingi. Mpulizaji anaona wateja wanamfuata, anakubali mikorosho 2,000 kwa mashine ile ile. Kwa miti 120 kwa asubuhi anahitaji asubuhi 17 za kazi, na ukiongeza zile nne zilizopotea, raundi ya siku 14 imekuwa ya siku 21. Kwa wiki nzima ya ziada maua mapya yanakaa bila kinga. Ubwiriunga unaingia, na lawama zote zinamwangukia yeye, hata kama kila mti ulipata gramu 250 kamili. Ukipata wateja wa miti 2,000, tafuta mashine ya pili au mkatalie mtu mapema, Mei, wakati bado ana muda wa kutafuta mpulizaji mwingine.

Umbali nao unakula asubuhi. Miti 120 kwa saa tatu ni miti 40 kwa saa. Nusu saa ya kuhama kutoka shamba moja hadi jingine ni miti 20 isiyopulizwa, na kwa bei ya 600 hizo ni shilingi 12,000 kila unapohama. Kwa hiyo wakulima watano wenye mashamba yanayopakana wakija pamoja, wapunguzie bei bila kusita. Mwenye miti 40 iliyo peke yake ng'ambo ya bonde atozwe zaidi, na aelezwe sababu.

Kabla ya kutaja bei, ihesabu mikorosho wewe mwenyewe ukiwa na mwenye shamba. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ekari moja inabeba miti kama 28, lakini mashamba ya zamani hayakupandwa kwa kamba, na mtu anayesema ana mikorosho mia mbili anaweza kuwa na zaidi au pungufu kwa nia njema kabisa. Mti mkubwa wa mzee, ambao matawi yake yamekutana na ya jirani, unataka muda na salfa zaidi. Weka bei mbili, ya mti wa kawaida na ya mti mkubwa. Shamba ambalo halijapaliliwa likataliwe hadi lipaliliwe, maana msaidizi hawezi kukimbia na mfuko wa salfa gizani ndani ya majani.

Salfa ni vizuri mkulima alete mwenyewe. Kwa miti 1,200 raundi moja inahitaji kilo 300, yaani mifuko 12 ya kilo 25, na msimu mzima mifuko 60. Ukiitoa wewe kwa mkopo umekuwa muuza pembejeo bila kutaka. Lakini salfa ya mkulima ina hatari yake. Ataleta mfuko mmoja na kukuomba umalize nao miti 160. Hapo kila mti unapata gramu 156, na ugonjwa ukirudi hatakumbuka mfuko, atakumbuka mpulizaji. Kwenye daftari andika tarehe, idadi ya miti na mifuko iliyotumika, na mwenye shamba atie sahihi kila raundi. Salfa iliyoshika unyevu ikawa mabonge nayo irudishwe, kwani huziba mrija na kumwagika kwa mafungu.

Mvua ikinyesha muda mfupi baada ya kupuliza, unga unaoshwa. Nani analipa kurudia? Swali hili lisipojibiwa Juni hugeuka ugomvi Agosti. Mgawanyo wa haki, kwa maoni yetu, ni mkulima kutoa salfa upya na mwenye mashine kutoza nusu ya bei ya raundi. Liandikwe.

Upande wa mashine, kinachoua injini nyingi ni oili. Mashine hizi hazina oili yake pembeni. Inachanganywa ndani ya petroli, nyingi kwa kiwango cha mililita 40 kwa lita (kitabu cha mashine kikisema vingine, kifuate). Kijana akijaza petroli tupu kwa haraka ya alfajiri, pistoni inakwaruza silinda na injini inakwama, pengine asubuhi hiyo hiyo. Changanya jioni, kwenye dumu lenye alama. Cha pili ni moto. Unga wa salfa ukipita kwa kasi kwenye mrija huzalisha umeme tuli, na cheche ndogo inaweza kuuwasha. Ndiyo maana mrija wa kupulizia unga huwa na waya na mnyororo mdogo wa kugusa ardhi. Wengi huukata kwa kuwa unanasa kwenye majani. Usiukate. Mpulizaji avae miwani na barakoa, na plagi ya akiba iwe mfukoni mwake.

Linabaki deni. Mkulima hana fedha Juni. Fedha huja minada ikianza, kwa kawaida Oktoba, na huingia kwenye akaunti yake baada ya mzigo kuuzwa kupitia stakabadhi ghalani, mfumo ambao korosho hukusanywa ghalani na mkulima hupewa risiti hadi mnada uuze. Kutoka raundi ya kwanza hadi hapo ni miezi minne au mitano, na hata hiyo si hakika. Novemba 2018, baada ya bei za wanunuzi binafsi kukataliwa, Serikali ilitangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wakulima wengi yakaingia mwaka uliofuata. Aliyekuwa amepuliza kwa mkopo alisubiri pamoja nao.

Deni liandikwe kwa shilingi, mbele ya mashahidi, likiwezekana kwa mtendaji wa kijiji. Usikubali kuandikiwa kilo za korosho kabla ya mavuno. Huko ni kuingia kwenye kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, ambako mkulima anaumia na wewe unavunja sheria.

Kiasi gani ukopeshe? Rudi kwenye hesabu. Fedha taslimu inayotoka kila raundi, yaani mafuta, ujira, bodaboda na asubuhi za hasara, ni shilingi 394 kwa mti, au 472,800 kwa miti 1,200. Kwa raundi tano ni 2,364,000, na anayekopesha miti yote 1,200 ndizo anazopaswa kuwa nazo mkononi Juni. Miti 800 ikilipiwa taslimu kwa 600 kila raundi inaleta 480,000, kazi inajiendesha. Kwa hiyo mwisho wa kukopesha ni miti 400, kwa bei iliyo juu ya taslimu, na kwa wale tu waliolipa deni la msimu uliopita. Fedha ya spea, 36,000 kwa raundi, iwekwe pembeni kabla raundi ya kwanza haijaanza, kwa sababu ikikosekana raundi ya tatu, maua yakiwa mengi, miti yote 1,200 inasimama.