Mzee Ojwang' Hakuwa Akijiigiza

Juma lililopita mtayarishaji mmoja wa vipindi vya runinga alinieleza kwamba hakuona sababu ya kulipia siku za mazoezi za waigizaji wa vichekesho, kwa kuwa watu hao, kwa maneno yake, wanajiigiza tu. Nilipomwomba mfano alinitajia Mzee Ojwang', mhusika wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya taifa ya Kenya. Maneno hayo nimeyasikia kwa watayarishaji, kwa waandishi wa habari, kwa wazazi wanaowaleta watoto wao kwangu wafundishwe, na hata kwa waigizaji wenzangu wa tamthilia nzito, ambao ndio hasa waliopaswa kujua. Kazi yangu ni kuelekeza michezo ya kuigiza, ya jukwaani na ya runinga, na sitaki kuyanyamazia tena, kwa sababu katika Afrika Mashariki nzima sijui mfano unaoipinga hoja hiyo kwa nguvu kuliko huo huo wa Ojwang'.

Mtu aliyetupatia Ojwang' aliitwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu. Ojwang' Hatari wa Vitimbi alikuwa mzee wa Kijaluo. Nyumba nzima nchini Kenya zilikaa mbele ya runinga ya taifa kwa zaidi ya miaka thelathini zikimwona Mjaluo, na wengi walishtuka kusikia jina lake halisi alipofariki katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta tarehe 12 Julai 2015. Mkewe wa kwenye kipindi, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere, ambaye ni Mluhya, na watu wengi waliamini kwamba hao wawili ni mume na mke hata nje ya studio. Kwa hiyo katika ndoa ya Kijaluo iliyojulikana kuliko zote nchini hapakuwa na Mjaluo hata mmoja, nasi bado tunaambiwa kwamba walikuwa wakijiigiza.

Wanaokubali kwamba Wanjau hakuwa Mjaluo hukimbilia hoja nyingine iliyo dhaifu zaidi: kwamba basi aliiga lafudhi tu, na kuiga lafudhi ni mchezo wa kila mtoto wa mtaani. Hapa nitakawia, maana ndipo ninaposikia upuuzi mwingi zaidi.

Kijaluo hakina sauti tunazoziandika sh, z na v. Mjaluo aliyejifunza Kiswahili ukubwani huelekea kusema samba akikusudia shamba, sawadi akikusudia zawadi, na fitu akikusudia vitu. Kikuyu kina mitego mingine kabisa: l na r huingiliana, ch huelekea kuwa sh, na g ya mwanzo huvuta sauti ya puani hata gari likasikika ngari. Sasa chukua maneno mawili yaliyo kinywani mwa kila mzee wa kwenye kichekesho, chai na shilingi. Ulimi uliolelewa kwa Kikuyu huvutwa kusema shai na shiringi. Ulimi uliolelewa kwa Kijaluo husema chai na silingi. Tazama kinachotakiwa: katika neno la kwanza mwigizaji aizuie sh isitokee mahali pa ch, katika neno la pili aiondoe sh iliyo halali na kuweka s, na katika neno hilo hilo ailinde l isigeuke r. Afanye hivyo bila kufikiri, huku anagombana na mkewe, huku anatafuta kofia lake, huku anakumbuka kamera iko upande gani, kipindi baada ya kipindi, kwa miongo mitatu. Nimewafundisha vijana wenye masikio mazuri ambao huweza kuishikilia lafudhi ya ugenini kwa dakika chache, kisha hasira ya mhusika inapopanda lugha ya mama inarudi yenyewe. Hasira ndiyo kipimo, na Ojwang' alikuwa mtu wa hasira nyingi.

Hata hivyo lafudhi haikuwa kichekesho chenyewe. Kijana anayekuja kwenye usaili akaanza kubadilisha sh kuwa s, akitulia kila baada ya neno ili tucheke, huwa hajaelewa hata mlango wa kuingilia. Katika mafunzo yangu hutumia sentensi moja ya mshtakiwa aliyekamatwa na kuku wa watu: «Mheshimiwa, huyo kuku sikumwiba, nilikuwa ninamsindikiza.» Neno linalochekesha ni la mwisho, na kila kilicho mbele yake kipo ili kulibeba. Mwigizaji akipumua kabla ya neno ninamsindikiza, hadhira hupata nafasi ndogo ya kujiuliza alikuwa akimfanya nini, kisha jibu linawaangukia. Akipumua baada ya neno nilikuwa na tena baada ya neno kuku, sentensi inapasuka vipande na hakuna atakayecheka. Akiongeza neno tu mwishoni, kama wanafunzi wengi wanavyopenda, kicheko kinaanza huku yeye bado anazungumza, na silabi hiyo moja ya ziada inakiua. Akitabasamu mwenyewe ameharibu zaidi, maana mshtakiwa huyo hana kichekesho chochote moyoni mwake. Anaogopa kufungwa, na ameona kwamba hoja ya kusindikiza ndiyo bora aliyo nayo. Waambie wanafunzi waiseme kwa Kiswahili sanifu cha mtangazaji wa taarifa ya habari. Ikichekesha hivyo, ndipo lafudhi iongezwe.

Wanjau alilijua jambo hilo, na ushahidi wake ni rahisi kuupata. Tafuta kipande chochote cha zamani cha Vitimbi, zima sauti, utazame. Utamwona mzee anayeamini kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, shingo imesimama kama ya mtu anayesubiri kuamkiwa, na utamwona Mama Kayai akimwacha aendelee kuamini hivyo mpaka atakapoamua yeye kumkatisha. Kicheko kimo katika umbali ulioko kati ya ukubwa anaojipa mzee na ukubwa anaopewa na wengine, na umbali huo huonekana bila neno hata moja. Khavere anastahili sifa zaidi ya anazopewa hapo. Mwigizaji anayesikiliza vizuri ndiye anayemwonyesha mtazamaji mahali pa kucheka, na ukimwondoa, mwenzake anabaki akipiga kelele peke yake.

Wanjau alionekana pia katika Vioja Mahakamani, kipindi cha vichekesho vya kesi za mahakamani, na hapo kazi ilibadilika. Kizimba humkata mwigizaji nusu. Miguu haionekani, hawezi kuondoka kwa hasira wala kumzunguka mwenzake, na kila alichozoea kukifanya kwa mwili mzima lazima kipandishwe hadi mikononi, shingoni na machoni. Mtu anayejiigiza hana haja ya kupandisha chochote.

Kutoka jukwaani kwenda runingani ni safari ngumu kuliko hiyo, na mfano ninaoupenda ni wa mchekeshaji wa Tanzania Amri Athumani, tuliyemwita King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kupanda jukwaani angali mtoto. Tanzania Bara haikuwa na runinga mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa na yao tangu 1973, maana yake ni kwamba mzee huyu alijifunza kazi kwa miongo kadhaa mbele ya watu waliokaa kwenye viti na mabenchi, kabla ya kamera kumfikia. Vichekesho vya jukwaani vya siku hizo havikuwa na mswada wa kukariri. Kundi lilikubaliana kisa, nani ataingia wapi na kisa kiishie wapi, na maneno yalizaliwa papo hapo, katikati ya usiku mmoja wenye ngoma, sarakasi, kwaya na muziki. Aliyeshindwa kuchekesha alijua palepale, kwa sababu watu walianza kuzungumza wao kwa wao.

Jukwaani kicheko chenyewe ndicho saa ya mwigizaji. Kinapanda, kinafika kileleni, kinaanza kushuka, na sentensi inayofuata huingizwa kikiwa kinashuka bado hakijaisha. Ukiingia mapema hawakusikii; ukisubiri kiishe kabisa unaanza upya na watu waliopoa. Kila usiku kicheko kina urefu wake, kwa hiyo mwigizaji huyo hasemi mchezo ule ule mara mbili kwa kasi ile ile. Sasa mtoe hapo, mweke studioni. Hakuna anayecheka. Mpiga picha amebana midomo, wa sauti ameinamisha kichwa, na mwelekezi anaomba irudiwe kwa sababu kivuli kimeanguka ukutani. Mwigizaji analazimika kukisia kicheko cha watu asiowaona, watakaotazama baadaye wakiwa watano sebuleni au mmoja kwenye simu, na kuacha nafasi ambayo si kubwa mno ikaonekana amesahau maneno, wala si ndogo mno ikameza sentensi inayofuata. Uso uliozoea kutazamwa kutoka safu ya mwisho lazima upunguzwe, kwa kuwa kamera imesogea hadi puani. Waigizaji wazuri wa jukwaani nimewaona wakishindwa kabisa hapo, si kwa uvivu, bali kwa sababu wamenyang'anywa kipimo pekee walichokuwa nacho. Majuto aliuvuka mpaka huo akiwa mtu mzima, akaendelea kuchekesha katika runinga, filamu za video na matangazo ya biashara mpaka karibu na kifo chake, tarehe 8 Agosti 2018, katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Wapo wanaodhani kwamba uwezo wa mwigizaji wa vichekesho hupimwa kwa idadi ya sura. Lucas Mhavile, Joti wa vipindi vya vichekesho vya Tanzania, Ze Comedy na baadaye Orijino Komedi, anaweza kuwa bibi kizee, mtoto mtukutu na mzee wa mtaani, na sina la kupinga hapo, kazi hiyo naiheshimu. Lakini kumweka mtu mmoja huyo huyo, Ojwang', katika mambo mapya kila juma bila mtazamaji kumchoka, nako ni upana, na kwa maoni yangu ni upana mgumu zaidi kwa sababu hauna maleba, yaani mavazi ya kuigizia, ya kujifichia.

Yako mambo mawili yasiyonipa raha, na sioni vema kuyaficha. La kwanza ni kwamba sikuwahi kufaulu kumfundisha kila mtu pumziko lile la kabla ya neno la mwisho. Wengine hulipata siku ya kwanza. Wengine hufanya mazoezi kwa bidii, wakaimarika katika kila kitu kingine, na hilo likawakimbia. Kwa hiyo wanaosema kipaji kipo hawajakosea kabisa. Ninachokataa ni kuruka kutoka hapo hadi kusema kwamba hakuna kazi, kwa sababu aliyelipata pumziko hilo siku ya kwanza bado ana miaka ya kujifunza afanye nini nalo.

La pili linanisumbua zaidi. Vitabu hutuambia tuigize mtu, tusiigize kabila, na darasani sentensi hiyo inapendeza. Ojwang' alipendwa na Wajaluo wengi, lakini wapo pia watoto wa Kijaluo waliodhihakiwa shuleni kwa s zao na wenzao waliotoka kumtazama yeye jana yake usiku. Siamini kwamba Wanjau alidharau watu aliowaigiza. Uangalifu wake unaonyesha kinyume, maana aliyemdharau mtu hawezi kumsikiliza kwa ukaribu ule. Hata hivyo ningeulizwa leo kama ningempa mwigizaji wangu wa Kikuyu nafasi ya mzee wa Kijaluo, au wa Kijaluo nafasi ya mzee wa Kikuyu, ningesita, na jibu langu lingetegemea mswada, mwigizaji, na nani mwingine yumo chumbani.

Lile la malipo halinisitishi. Mwaka 2014 Wakenya walichanga fedha ili Wanjau atibiwe macho, na ukarimu huo ulikuwa wa heshima, lakini mtu aliyeijaza runinga ya taifa kwa miongo mitatu hakustahili kutegemea mchango. Huko Tanzania, katika miezi ya mwisho ya maisha ya Majuto, suala la mikataba ya kazi zake lilifika hadi wizarani. Mambo hayo hulishwa na imani ile ile: ikiwa mtu anajiigiza tu, basi hujanunua kazi yake, umemwazima nafsi yake kwa mchana mmoja, na nafsi haina marudio wala hakimiliki.

Kwa hiyo nilimwandikia mtayarishaji yule masharti matatu kabla sijakubali kuelekeza kipindi chake. Siku za mazoezi zilipwe kama siku za kupiga picha, angalau nusu ya kiwango. Kila kipindi kinaporudiwa hewani mwigizaji apate sehemu yake. Na jina la mhusika ambaye mwigizaji amembuni mwenyewe, pamoja na sauti na mavazi yake, lisitumike katika tangazo la biashara bila mkataba wa pekee uliotiwa saini na aliyembuni. Bado hajanijibu, na waigizaji niliowachagua wamekubali kungoja pamoja nami.