Gunia la Juu Halitoshi Kuhukumu Shehena ya Mahindi

Kila msimu wa mavuno, malori yanapopanga foleni kwenye mabohari ya Kitale, Bungoma na Nakuru, sisi wakaguzi tunasikia lalamiko lile lile: mahindi yamekataliwa ilhali yalipimwa nyumbani yakawa sawa. Ukiuliza yalipimwaje, utaambiwa ni gorogoro moja iliyochotwa mdomoni mwa gunia lililokuwa karibu na mlango. Ndugu wakulima na wafanyabiashara, kipimo hicho kinaeleza habari za gunia hilo tu, tena sehemu yake ya juu.

Shehena isiyozidi magunia 10, kila gunia huchomwa bambo, yaani chuma chenye ncha na mfereji wa kuchotea punje. Kuanzia 11 hadi 100, huchaguliwa 10 bila kupendelea. Yakipita 100, tunatumia kipeuo cha pili, yaani nambari ikijizidisha yenyewe inafikia idadi ya magunia: kwa 400, tunachoma 20. Wakati mzuri wa kuyachagua ni yanaposhushwa, kwa hayo 400 kila la 20 likiwekwa kando. Yakishapangwa, ya chini na ya katikati hayafikiki, na huko ndiko joto na unyevu hujificha.

Bambo liingie kimshazari, mfereji ukitazama chini, hadi katikati ya gunia. Hapo ligeuzwe mfereji utazame juu, ndipo lichomolewe. Ukiliingiza mfereji ukiwa juu, hujaa punje za pembeni kabla halijafika ndani, na kosa hili tunaliona mara nyingi mno.

Punje zote humwagwa kwenye turubai safi na kavu, zikachanganywa, zikarundikwa na kugawanywa robo nne. Robo mbili zinazotazamana hubaki, nyingine huondolewa, na kazi hurudiwa hadi kupata kiasi cha maabara. Kiasi hicho hugawanywa mara tatu: sehemu ya maabara, ya mwenye mali, na ya akiba endapo kutatokea mzozo. Kila moja hufungwa kwa lakiri na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Usitie sahihi kabla ya kuona lakiri. Sampuli ya unyevu ikae katika chombo kisichopitisha hewa, la sivyo itakauka njiani na kusoma chini ya kikomo cha asilimia 13.5 huku magunia yakiwa bado mabichi.

Kuhusu aflatoksini, yaani sumu ya ukungu, tafadhali tuache kuhukumu kwa macho. Mahindi meupe yanayong'aa yanaweza kuwa na sumu, na kuyapika hakuiondoi. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kilo moja ina punje 3,000 hivi, na punje moja tu iliyoathirika vibaya inaweza kuvusha kilo nzima kikomo hicho. Ndiyo maana sehemu yote ya maabara husagwa kwanza, kisha unga ukachanganywa kabla ya kupimwa.

Ukaguzi huu una mipaka. Iwapo magunia 20 kati ya 400 ni mabovu, kuna uwezekano wa karibu asilimia 35 kwamba yale 20 tuliyochoma hayatakuwa na hata moja kati yake. Kwa hiyo shehena iliyopita bado ihifadhiwe pakavu. Wapo wanaodai mahindi yapimwe tena na tena mpaka matokeo yapendeze. Kufanya hivyo ni kuongeza nafasi ya bovu kupita. Mzozo huamuliwa kwa sampuli ya akiba pekee.

Shehena iliyokataliwa kwa aflatoksini huzuiliwa. Isichanganywe na mahindi masafi ili kupunguza kipimo, wala isihamishiwe soko jingine: Sheria ya Kenya ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula chenye sumu, hata kama mnunuzi ameridhika na bei.