Je, wajua kwa nini MX, ile rekodi ya kuelekeza imeili za domeini, ikikosewa imeili inarudishwa, lakini isipokuwepo kabisa inaeza kufika?

Kuna jamaa anauza spea za tuktuk pale Kibuye, Kisumu, alinunua domeini ya .co.ke akaundiwa imeili na kijana fulani, wiki mbili baadaye sapulaya wa Nakuru anaapa ametuma kwotesheni mara tatu na yeye hajaona kitu, na imeili za watu wengine zinaingia tu vizuri. Tukafungua mipangilio ya DNS, lile daftari la intaneti la majina na anwani zake, kwa saiba. Pale kwa MX, mahali pa jina la seva, kijana alikuwa ameweka namba ya IP, yaani anwani ya mashine, kitu kama 192.0.2.25.

Sasa MX ni kibao cha kusema barua za domeini hii zipelekwe seva gani, na lazima kiwe na jina. Seva inayotuma ikikuta namba inaichukua kama jina, inarudi kwa DNS kuuliza anwani ya "jina" hilo, inaambiwa halipo, basi inarudisha barua. Zingine zimewekwa zifumbe macho ziitumie hiyo IP hivo hivo, ndio maana wengine walikuwa wanampata.

Kichekesho ni kwamba angeacha hapo patupu zote zingefika, juu webu yake na imeili ziko seva moja. Kabla MX ije 1986 barua zilienda moja kwa moja kwa anwani ya mashine, na kanuni za kutuma imeili (SMTP) za 2008 bado zimeacha huo mlango: hakuna MX, jaribu anwani ya domeini yenyewe. Lakini MX ikiwepo hata moja, hata kama ni mbovu, huo mlango umefungwa. Ni kama mzigo wa matatu kutoka Nakuru, usipoandikwa steji konda anaushusha tu steji kuu ya Kisumu, ukiandikwa steji ambayo haiko duniani anageuka nao.

DNS ikinyamaza tu bila kujibu hiyo ni kesi tofauti, seva inaweka barua kwa foleni na kujaribu tena na tena, mara nyingi siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Na ukiona MX ni nukta peke yake usicheke, tangu 2015 hiyo ni njia rasmi ya kusema hapa hatupokei imeili.

Tulibadilisha tukaweka jina, tukangoja saa 4 hivi manake seva zingine zilikuwa bado zimeshika rekodi ya zamani, jioni kwotesheni ya nne ikaingia. Zile tatu za kwanza? Zilikuwa zimerudi Nakuru kitambo, sapulaya alikuwa anaziona kwa inboksi yake zimetoka kwa "mailer-daemon", jina ambalo seva hutumia kurudisha barua, akadhani ni matapeli, anafuta.