Kwenye briji, uamuzi mmoja usifanywe na watu wawili

Mchezaji wa briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, anapewa karata 13 kati ya 52. Mikono tofauti inayoweza kumfikia ni 635,013,559,600. Ili kumjulisha mwenzake ameshika upi kati ya hiyo, sheria zinampa kauli 38 basi: madau 35, kuanzia 1♣ hadi 7 bila turufu, halafu pasi (kutotaja dau), dabo (kuzidisha zawadi na adhabu za dau la mpinzani) na ridabo (kuizidisha dabo hiyo). Sauti, macho na mwendo wa mkono haviruhusiwi kusema lolote. Kwa hiyo kila kauli inabeba mikono mingi mno, na kwenye pengo hilo ndipo busara ya mchezaji inapofanya kazi. Hapo ndipo pia wachezaji wawili wazuri wanapoharibiana.

Waliokulia kwenye wahedi wa sitini wanaijua turufu na wamezoea kucheza na mwenzi aliyekaa mkabala. Kipya kwao ni mnada. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa, pande mbili zinashindana kutaja zitakula mizunguko mingapi na turufu itakuwa ipi. Dau linahesabiwa juu ya sita, kwa hiyo 4♥ ni ahadi ya kula mizunguko 10 kati ya 13 kopa ikiwa turufu. Katika hesabu aliyoitengeneza Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa kwenye meli iliyopita mfereji wa Panama, zawadi kubwa ya gemu (dau kubwa kama 4♥ au 3 bila turufu) haipati asiyeitaja mnadani. Ukila mizunguko 10 ilhali ulitaja 2♥, zawadi hiyo imekupita. Ndiyo maana nasema mechi nyingi zinaamuliwa karata zote zikiwa bado mikononi.

Wanaojifunza huniuliza waanze na lipi, mapatano (maana za kauli ambazo wenzi wawili wamekubaliana) au busara. Mimi nayaona mapatano kama njia ya kugawa kazi ya busara: yanasema, katika mnada huu, nani anaamua. Uamuzi usio na mwenyewe ama hufanywa mara mbili, ama haufanywi kabisa.

Tuanze na mikono miwili. Mwenzako amefungua 1♥, yaani ametaja dau la kwanza, akiahidi kopa tano au zaidi. Hesabu ya kawaida ni A pointi 4, K 3, Q 2, J 1. Mkono wa kwanza huu hapa:

♠ Q J 2  ♥ K J 7 3  ♦ Q 6 4  ♣ J 5 2

Na wa pili:

♠ 2  ♥ K 9 7 3  ♦ A 8 6 4  ♣ K 10 5 2

Yote miwili ina pointi 10 na kopa nne. Sasa tumwekee mwenzako mkono wa kawaida wa kufungulia: ♠ A 8 5  ♥ A Q 10 6 4  ♦ K 7 2  ♣ 8 4. Ukiwa na mkono wa kwanza, mtapoteza pau mbili, kwa kawaida uru mbili, na shupaza moja ikiwa K iko pabaya. Hiyo ni mizunguko minane au tisa. Ukiwa na wa pili, shupaza zake mbili ndogo zitakatwa kwa turufu zako, uru mtapoteza moja, na pau haziwezi kuzidi mbili. Kumi zinapatikana kwa kawaida bila jasho. Pointi ni zilezile, ila za mkono wa kwanza zimetawanyika kwenye Q na J za mafungu mafupi (aina ulizoshika karata chache), ambazo zinahitaji msaada ili zile chochote. Za mkono wa pili ni A na K, tena kuna shupaza moja tu, na turufu nne zikiwepo upungufu huo ni mali.

Kuliona hilo ni busara, na inajengeka kwa kucheza sana. Lakini ukishaliona, utalisemaje? Ukitaja 4♥ moja kwa moja utafika gemu, ila mwenzako hatajua kwa nini, na kama ana mkono mkubwa hataweza kuitafuta slemu, yaani dau la mizunguko 12 au 13. Kauli inayofaa hapa ni 3♠, ile tunayoiita splinta: ruko la ngazi mbili linalosema "nina kopa nne au zaidi, nguvu ya kufika gemu, na shupaza moja au sifuri." Mwenzako mwenye ♠ K Q 6 atasikitika, kwa sababu pointi tano zake zimekaa mahali pasipohitajika, naye atasimama 4♥. Mwenye ♠ 8 6 4 na ubora wake wote kwingineko ataanza kuitazama slemu. Mkono wako umeutoa nje, na mwenye kuamua ni yeye. Sasa chukulia hamkupatana. Anadhani 3♠ ni shupaza nyingi, anapiga pasi, na unacheza turufu ya shupaza ukiwa umeshika moja. Uliuona mkono wako sawasawa, ila hukuwa na lugha ya kumfikishia mwenzako.

Mahali ninapoona alama nyingi zikimwagika ni kwenye mwaliko. Mwenzako amefungua 1♥, wewe unasema 3♥: kopa nne, pointi 10 hadi 12, "nenda gemu ukiwa na ziada." Mnacheza mechi ya timu, ambako karata zilezile zinachezwa kwenye meza mbili na tofauti inageuzwa kuwa IMP (alama za mechi ya timu), tena mko hatarini, yaani zawadi na adhabu vyote vimepanda. Hesabu yake inafaa kukaa kichwani. Mkitaja 4♥ mkazila 10, mnapata 620, na wenzenu waliosimama 3♥ wanapata 170. Tofauti ya 450 ni IMP 10. Mkipungukiwa mzunguko mmoja mnalipa 100 na wao wanapata 140. Tofauti ya 240 ni IMP 6. Kwa hiyo gemu yenye nafasi chini kidogo ya asilimia 38 tayari inafaa kutajwa. Msipokuwa hatarini faida ni 6 na hasara 5, na mnahitaji zaidi ya asilimia 45.

Kila mchezaji aliyekomaa anaijua hesabu hii, na hatari inatoka hapohapo. Wewe una pointi 9 kavu, unajiambia "tuko hatarini, nivute kidogo," unasema 3♥. Yeye ana 13 tambarare, bila fungu refu wala fupi, anajiambia hivyohivyo, anasema 4♥. Pointi 22, mikono yote miwili imelala, mmepungukiwa mbili. Ukimuuliza kila mmoja peke yake, alifanya jambo sahihi. Ile ziada ya ujasiri iliyoruhusiwa na hesabu ilikuwa moja, nanyi mmeitumia mara mbili.

Kwa hiyo ninapoketi na mwenzi mpya, hili linatangulia hata kanuni ya kuulizia A: nani anavuta, yaani nani anaitumia ziada hiyo ya ujasiri? Jibu langu ni kwamba anayealika asivute, anayealikwa ndiye avute. Sababu ni kwamba mwaliko wenyewe una gharama. Ukialika kwa mkono mwembamba na mwenzako akakataa, mmebaki 3♥ mahali pa 2♥, na kuanguka kwenye 3♥ ni hasara isiyo na zawadi yoyote upande wa pili. Isitoshe, kila mwaliko unawasimulia wapinzani habari za mikono yenu. Wapo wachezaji wazuri wanaogeuza, wakaalika kwa wepesi na kukubali kwa uzito. Sina ugomvi nao, mradi wote wawili wanaijua njia yao.

Mantiki hiyohiyo inaongoza 1 bila turufu. Aliyefungua 1 bila turufu ya pointi 15 hadi 17 ameshausema mkono wake wote, kwa hiyo nahodha ni mwenzake. Nahodha mwenye pointi 10 anasema 3 bila turufu na mambo yameisha. Haulizi swali ambalo jibu lake halitabadilisha kitu. Na mfunguzi mwenye 17 nzuri asimwongezee juu ya hapo, kwa sababu 17 zilikuwa ndani ya ahadi tangu mwanzo. Vilevile aliyefungua 3♠ kwa shupaza saba na mkono dhaifu, ili kuwabana wapinzani nafasi, akisikia 4♥ kutoka kwao na mwenzake akapiga pasi, naye apige pasi. Akisema 4♠ ananyang'anya uamuzi kutoka kwa mtu pekee anayeijua mikono yote miwili.

Kwenye mashindano, ambapo pande zote mbili zinataja, kuna kipimo kilichoelezwa na Mfaransa Jean-René Vernes miaka ya 1960: panda hadi idadi ya mizunguko inayolingana na turufu zenu kwa jumla. Turufu tisa, ngazi ya tatu. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, hasa pointi zikiwa zimegawanyika karibu nusu kwa nusu, lakini kisiwazuie kutazama mafungu mafupi na mahali zilipokaa Q na J.

Kubwa kwangu ni dabo. Zamani mpinzani akiingilia, yaani akitaja dau baada ya mwenzako kufungua, na wewe ukasema dabo, maana yake ilikuwa adhabu: "hawafiki." Mwaka 1957 Alvin Roth na mwenzake Tobias Stone wakaigeuza. Dabo juu ya dau la kuingilia ikawa ombi: "nina pointi, nina aina ambazo hazijatajwa, chagua." Watu wakaiita Sputnik, kwa kuwa satelaiti ile ilirushwa mwaka huohuo. Leo karibu kila mtu anaicheza, na wengi wameijifunza nusu. Tazama mkono huu:

♠ K J 9 6 4  ♥ 3  ♦ A 8 5  ♣ 10 7 6 2

Mwenzako amefungua 1♥, mpinzani wa kulia kwako ameingilia 1♠. Shupaza zake zimo mdomoni mwako: K J 9 zinacheza baada ya A Q 10 zake. Ungependa kumwadhibu, lakini dabo sasa ni ombi, na ukiisema mwenzako atataja pau au uru. Huna la kufanya ila kupiga pasi. Wengi huishia hapa, kisha wanalalamika kwamba mpinzani aliponyoka.

Nusu ya pili ya mapatano iko kwa mfunguzi. Pasi mbili zikifuata na zamu ikamrudia, ajiulize shupaza ziko wapi. Ana moja, mpinzani wa pili hakuunga mkono, mwenzake amenyamaza. Basi huenda amenyamaza kwa sababu amezishika. Mwenye ♠ 7  ♥ A Q 10 5 2  ♦ K 7 4  ♣ A J 9 3 ana wajibu wa kusema dabo, na wewe utapiga pasi kwa furaha. Akiwa na shupaza tatu, hesabu inakataa kwamba una nyingi, naye anaacha. Pande mbili za dabo hii ni mkataba mmoja. Anayesema "mimi nacheza Sputnik" bila kujua wajibu wa mfunguzi amejifungia mlango wa adhabu na kutupa ufunguo. Tena mpatane inafika ngazi gani. Kuna wanaoisimamisha 2♠, kuna wanaofika 4♥, na mahali ambapo haikutajwa mtaumia.

Na hiyo pasi yako ipige kwa mwendo uleule unaopigia pasi nyingine. Ukikaa muda mrefu, ukashika paji la uso, kisha ukapiga pasi, umeshamwambia mwenzako una kitu. Sheria zinamkataza kuchagua njia iliyopendekezwa na kusitasita kwako ikiwa ana njia nyingine ya maana, na mwamuzi anaweza kuibatilisha dabo aliyokuwa na haki nayo kabisa. Umemfungia wewe. Kufikiri ni halali, lakini hali kama hizi zitafakariwe nyumbani ili mezani kauli itoke sawasawa. Mapatano mazuri yanaulinda uadilifu wa mwenzako.

Mapatano si siri pia. Yaandikwe kwenye kadi, na kauli isiyo na maana yake ya kawaida itahadharishwe ili wapinzani waweze kuuliza. Wana haki ya kujua yote mnayojua kwa kupatana na kwa kuzoeana. Hawana haki ya kujua ulichoshika. Ukiwa umesema 3♠ kama splinta na mwenzako akawaeleza ni shupaza nyingi, usimsahihishe wakati mnada unaendelea, na endelea kutaja kana kwamba hukumsikia. Ikiwa ninyi ndio mtakaocheza mkataba, yaani dau la mwisho ni lenu, mwite mwamuzi na usahihishe baada ya mnada kufungwa, kabla ya karata ya kwanza kutupwa. Ikiwa mnazuia, subiri mchezo wa mkono huo uishe. Ni kanuni ngumu kwa mgeni. Ukicheza Bridge Base Online utaona kila mtu anaeleza kauli zake mwenyewe na mwenzake hasikii, kwa hiyo tatizo hilo halipo.

Mwenzi mpya, dakika ishirini kabla ya mchezo? Mimi siulizi anajua kanuni ngapi. Nataka tujue 1 bila turufu ni pointi ngapi na nani anavuta kwenye mwaliko, dabo zipi ni adhabu, na kauli zipi haziruhusiwi kupigiwa pasi. Hilo la mwisho nalikazia, kwa sababu kupigiwa pasi kwenye kauli uliyodhani inamlazimisha mwenzako kusema ndiyo ajali ghali kuliko zote. Tukifika pasipozungumzwa, kauli ichukuliwe kwa maana yake ya asili. Mpinzani akiuliza maana ya kauli ambayo hatukuizungumza, jibu ni "hatujapatana." Usimkisie wala usimfunulie karata zako.